Lori Lilisimama, Mimi Sikusimama

Lori lilisimama. Mimi sikusimama. Kisa chote ndicho hicho, msiniulize zaidi. Mke wangu ameshauliza ya kutosha.

Lakini kugonga si balaa. Balaa ni kutafuta gereji. Ukishagonga tu, kila unayemjua anageuka dalali wa mafundi. Shemeji yangu, ambaye ndiye aliyeniuzia gari lenyewe, hata pole hakunipa. "Ninaye fundi wangu wa bodi," akasema. "Bati likimwona linajinyoosha lenyewe!"

Nikaenda. Fundi akalizunguka gari mara moja, akapiga boneti kofi kama anayeamsha mlevi, akasema, "Kesho jioni njoo uchukue." Mbele kote kumekunjamana, rejeta imelala kwenye injini, eti kesho jioni! Nikachungulia ndani. Vijana watatu, msasa, na ndoo ya puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bati. Mfukoni nilikuwa na sumaku ya mlango wa friji (mwanangu bado anaitafuta). Nikaibandika kwenye fenda ya gari moja lililokwisha kupuliziwa rangi, linang'aa kama kioo. Ikadondoka. Nikarudia, labda imechoka na safari. Ikadondoka. Pale hapakuwa na bati, palikuwa na ukuta. Fundi akadai gari hilo ni la alumini. Ni kweli alumini haishiki sumaku, lakini kwa chini fenda hiyohiyo ilikuwa inaliwa na kutu ya kahawia. Alumini ya wapi hiyo?

Wa pili alitaka kuipasha chasi moto mpaka iwe nyekundu, kisha aivute kwa mnyororo uliofungwa kwenye mti. Mti, jamani! Vile vyuma vya mbele vimetengenezwa vikunjike kwa kiasi chake ili mimi nisikunjike. Ukishavipika vinapoteza ugumu wake, na siku nyingine tutakunjika wote. Niliondoka bila kuaga.

Gereji ya tatu hawakuwa na maneno, jambo lililonitia shaka, maana mimi nimezoea kudanganywa kwa bashasha. Wakalipandisha gari kwenye fremu ya kunyooshea, wakalibana, wakaanza kupima nukta kwa nukta wakilinganisha na vipimo vya kiwandani. Itachukua siku ngapi? "Tupime kwanza." Bei je? "Tupime kwanza." Nilitaka kuomba maji ya kunywa, nikaogopa nayo yatapimwa. Fundi akanieleza kwamba chasi ikipinda kupita milimita 3 hivi, gari linaweza kwenda upande upande kama kaa, na tairi zikalika upande mmoja. Mabega yangu yenyewe yamepishana kuliko hapo, lakini nikanyamaza.

Mara akaniita nyuma. Nyuma!

"Huku uligongwa lini?"

"Huku sijagongwa. Gari lilikuwa la mtu mmoja tu, mstaarabu, kazini na nyumbani."

"Hebu lete hiyo sumaku yako."

Akaibandika juu ya taa ya kulia. Ikadondoka. Akasogeza kidogo, ikadondoka.

Simu ikaita. Shemeji. "Vipi, ulifika kwa fundi wangu? Kazi yake si umeiona?"

Nikaitazama sumaku ilivyojilalia chini.

"Nimeiona, shemeji. Naiendesha mwaka wa pili huu."