Nilipima Mlima kwa Simu, Mlima Ukanipima Mimi

Kabla hamjaamini ile sauti ya rafiki yangu inayozungushwa kwenye magrupu, eti niliteleza kwenye theluji mlimani: sikuporomoka kilomita nzima. Ni mita 40 tu. Wala sikulia "mama!" Nilisema "mamangu," na hayo ni mambo mawili tofauti.

Ndiyo, ni mimi niliyewatangazia wenzangu kwamba njia ni salama. Ushahidi ninao: programu ya simu ilisoma mwinuko wa nyuzi 19. Nikawapa na mhadhara, kwamba maporomoko ya theluji hupenda zaidi miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, hivyo hapa tungeweza hata kupiga soga. Nisilowaambia (na ninyi mnyamaze) ni kwamba simu niliilaza juu ya kidaraja nilichokichimba kwa buti langu. Nilipima kiatu.

Rafiki yangu, huyohuyo mwenye ile sauti, akalaza fimbo yake kwenye theluji, akaweka simu juu yake. Nyuzi 38. Hakusema neno. Saa nne asubuhi, theluji iliyokuwa ngumu alfajiri imeshalainika, vidonge vinabiringika vyenyewe kutoka juu. Mwenye akili angegeuka. Nami nikageuka, ila ili nibishane. Nikailaza simu palepale kidarajani waone wenyewe.

Sasa twende polepole.

Mguu wa kulia. Theluji imeshikamana chini ya meno ya chuma ya kiatu, donge la ngumi mbili. Linatua donge, meno yananing'inia. Nikakaa kitako. Nikawaona wenzangu wanapanda kwa kasi ya ajabu, nikajiuliza nguvu hizo wamezitoa wapi. Lahaula, kumbe ni mimi ninayeshuka!

Mafunzo yote yakanijia kwa mpangilio: pinduka kifudifudi, shoka la barafu chini ya bega, kandamiza kwa kifua, inua miguu meno yasinase. Nikapinduka. Shoka? Lilikuwa kule juu, limesimama wima, nilikolichomeka ili nishike simu vizuri. Theluji ikaingilia tumboni, suruali ikaanza kubaki nyuma. Nikapita kundi lililokuwa linapanda. Mmoja akanisalimia. Nikaitikia! Adabu ni adabu, jamani.

Nikakwama kwenye tambarare, mzima, nyonga imechubuka. Kilele tukakisamehe, tukateremka.

Rafiki yangu ndiye aliyeniletea shoka. Akanipa na simu. Bado inasoma 19.