Acheni Kukimbizana na Chapa ya Kwanza

Niseme mapema ninachokiamini. Mpenzi wa hevi metali (roki nzito ya magitaa) ya zamani anayeishi Dodoma hana sababu ya kumaliza mshahara kwa chapa ya kwanza ya santuri wakati toleo jipya la albamu hiyohiyo lipo, limetengenezwa kwa uangalifu na bendi imelipwa haki yake. Najua wakusanyaji wengi hawatakubaliana nami. Kwao, santuri ambayo haikutoka kiwandani mwaka uleule muziki ulipotolewa si ya kukusanywa. Nayaheshimu mapenzi yao, lakini naona wanalipia karatasi na kudhani wamelipia muziki.

Uadimu wa albamu hizi una chanzo chake, tena kinaeleweka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Uingereza ilijaa vijana wenye magitaa ambao kampuni kubwa hazikuwa na haja nao. Wengi wakajilipia studio, wakachapisha santuri chache kwa pesa zao na kuziuza mlangoni baada ya onyesho au kwa njia ya posta. Iron Maiden, kabla hawajawa bendi ya kujaza viwanja, walitoa "The Soundhouse Tapes" mwaka 1979, nakala 5,000 tu. Mwaka uliofuata Diamond Head, vijana wa Stourbridge, walitoa albamu yao ya kwanza nakala 1,000 ndani ya jaketi jeupe pe, halina picha. Baadaye ikajulikana kama "Lightning to the Nations". Kule Wallsend, karibu na Newcastle, lebo, yaani kampuni ya kutoa santuri, ndogo ya Neat ikawa inazitoa bendi kama Raven na Venom kwa bajeti ya kubana kweli kweli.

Sasa piga hesabu. Nakala 1,000 za mwaka 1980: zipo zilizovunjika, zipo zilizokwanguliwa na sindano mbovu, zipo zilizotupwa pamoja na takataka nyingine za darini mwenye nyumba alipohama. Zilizobaki zina wenyewe. Ikitokea moja ikauzwa leo, muuzaji anachukua pesa yote. Mpiga gitaa aliyeibuni ile midundo, mpiga ngoma aliyekesha studio, hawapati hata senti. Hilo ndilo linaloniuma katika biashara hii ya chapa za kwanza: pesa nyingi zinazunguka juu ya jina la mwanamuziki, na yeye hayumo.

Toleo jipya lililofuata haki linarudisha kitu kwake. Zipo lebo zinazoishi kwa kazi hiyo, kwa mfano High Roller Records ya Ujerumani, ambayo imerudisha kwenye santuri albamu nyingi za metali ya kizamani. Wanatafuta kanda mama, yaani kanda halisi ya studio, wanaongea na bendi, wanaweka kijitabu chenye mashairi na picha za enzi zile. Mimi napenda vile vijitabu. Mtu wa Dodoma ambaye hakuwahi kuwa Birmingham wala Newcastle anajifunza humo kuliko kwenye jaketi la zamani lenye majina manne na anwani ya sanduku la posta.

Bendi ninayoipenda kuliko zote katika kundi hili ni Manilla Road. Walitoka Wichita, jimbo la Kansas, katikati kabisa ya Marekani, nchi tambarare ya upepo na mashamba, mbali na Los Angeles na New York ambako bendi zilikuwa zinasainishwa mikataba. Sisi wa Dodoma tunaijua hali ya kukaa katikati ya nchi huku mambo ya muziki yakiamuliwa pwani. Walianzisha lebo yao, Roadster Records, wakatoa "Invasion" mwaka 1980, "Metal" mwaka 1982, na mwaka 1983 ile ambayo wengi wetu tunaiona kilele chao, "Crystal Logic". Kwao hawakuwa kitu kikubwa. Waliowabeba ni mashabiki wa Ulaya, hasa Ujerumani na Ugiriki, waliokuwa wakipeana nakala mkono kwa mkono. Mark Shelton, mwimbaji na mpiga gitaa wao, aliendelea kurekodi na kuzuru hadi mwisho. Alifariki Julai 2018 huko Ujerumani, baada ya kupiga kwenye tamasha. Sauti yake ya puani, inayonong'ona kisha inapasuka, si ya kumfurahisha kila mtu mara ya kwanza. Ipe muda.

Cirith Ungol wa Ventura, California, nao wana kisa cha kutia moyo. Walijichapishia "Frost and Fire" mwaka 1981, wakapuuzwa, wakavunja bendi mwaka 1992. Lakini albamu zao zikaendelea kutolewa upya, masikio mapya yakazisikia, na katikati ya miaka ya 2010 wazee wakarudi jukwaani. Mwaka 2020 wakatoa "Forever Black", kazi mpya kabisa. Sidhani kama chapa za kwanza zilizofungiwa kwenye makabati zingeweza kufanya hivyo. Bendi inarudishwa na watu wanaoisikiliza, na watu hawawezi kusikiliza kitu kisichopatikana.

Anayebisha aangalie jirani zetu wa Zambia. Miaka ya 1970, hasa kwenye miji ya Copperbelt, kulikuwa na muziki mzito wa magitaa yenye kukwaruza ambao leo tunauita Zamrock: WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Si hevi metali kamili, ila ukiiweka "Africa" ya Amanaz ya mwaka 1975 baada ya Black Sabbath, waanzilishi wa hevi metali, hutahisi umetoka mbali. Kisha bei ya shaba ikaporomoka, uchumi ukayumba, na baadaye UKIMWI ukawaondoa wanamuziki wengi, wakiwemo karibu wote waliounda WITCH. Emmanuel Chanda, yule aliyeitwa Jagari, akabaki na kugeukia uchimbaji wa vito. Santuri zao za awali zikawa za kuuzwa kwa bei za kutisha kwa watu wa mbali. Kilichobadilisha mambo ni lebo ya Now-Again ya Los Angeles kuzitoa upya, na Jagari mwenyewe akiwemo kwenye kazi hiyo. Dunia ikamjua, akaanza kupanda majukwaa ya Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa "Zango". Nani alinufaika zaidi kati ya Jagari na mtu aliyeficha chapa ya kwanza ya "Lazy Bones!!" ndani ya plastiki?

Halafu kuna hali yenyewe ya Dodoma. Wenzetu wa Dar es Salaam wanalia na ukungu, majaketi yanaota madoa na kunuka unyevu. Sisi tuko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba mvua ni ya kusimuliwa tu, kwa hiyo karatasi zetu zinadumu. Adui zetu ni jua na vumbi. Santuri ni plastiki: iache ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana mmoja wa Oktoba, itapinda na hutainyoosha tena. Zisimamishe wima, mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, wala usizirundike moja juu ya nyingine. Vumbi la Agosti likiingia kwenye mifereji linasaga sindano na santuri kwa pamoja, na hewa kavu huifanya santuri ijae umeme tuli, ikawa inalivuta vumbi hata madirisha yakiwa yamefungwa. Mimi huosha kwa maji ya betri na tone dogo la sabuni ya vyombo, maana maji ya kisima yenye chumvi huacha alama nyeupe. Soma chupa kabla ya kununua. Tunataka yale maji safi yasiyo na chumvi, si asidi. Pleya ikianza kulegea na wimbo kuvutika, mara nyingi ni mkanda wa mpira umechoka, na fundi redio mzuri wa pale Majengo atakutafutia unaolingana.

Katika mazingira hayo, kitu cha bei ya pikipiki kinakunyima raha. Unaogopa kukipiga. Unaogopa mtoto asikiguse. Na kubwa zaidi kwangu, hukiazimishi. Hapa mjini si rahisi kukuta duka la santuri lenye metali, kwa hiyo muziki huu unatembea kwa kuazimana na kualikana. Tunakutana wachache Jumapili mchana, Area D au Kisasa, kwa mwenye spika nzuri, tunasikiliza upande wa kwanza hadi mwisho bila kuruka wimbo. Kijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma akiipenda Angel Witch, ile albamu yao ya mwaka 1980, nampa aende nayo. Ni toleo jipya. Ikipata mkwaruzo nitaudhika kidogo, kisha nitanunua nyingine na bendi itapata tena chochote.

Kuagiza ndiko kunakouma, kwa sababu nauli na ushuru vinaweza kukaribia bei ya santuri yenyewe. Njia ninayoipendekeza ni kuagiza kwa pamoja, watu wanne au watano mzigo mmoja, au kumwomba ndugu anayerudi kutoka Ulaya azibebe katikati ya nguo. Na kama bado moyo wako umeng'ang'ania chapa ya kwanza, basi angalau mwombe muuzaji picha ya sehemu tupu ya santuri iliyo kati ya wimbo wa mwisho na karatasi ya katikati. Pale huwa pamechongwa namba. Zilinganishe na zinazojulikana, maana "The Soundhouse Tapes" za kughushi zimezagaa kila mahali.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita, na ni nzito. Matoleo mapya mengine yasingekuwepo kama hakuna aliyetunza ya zamani. Kanda mama za ile albamu nyeupe ya Diamond Head zilipelekwa Ujerumani na kwa miaka mingi hazikurudi mikononi mwa bendi. Zipo albamu ambazo kanda mama zimepotea moja kwa moja, na toleo jipya likatengenezwa kwa kunakili santuri safi iliyotunzwa na shabiki. Mtunzaji wa namna hiyo, anayefungua kabati lake kazi inapohitaji, namvulia kofia. Sisi tunaelewa uzito wa jambo hilo kuliko Wazungu: nyimbo nyingi za bendi zetu zilibaki kwenye kanda za Redio Tanzania tu, na hata mwanamuziki Hukwe Zawose, mtoto wa Ugogo huuhuu, albamu yake ya "Chibite" ya mwaka 1996 ilitolewa na lebo ya Real World ya Uingereza.

Kwa hiyo pesa yangu ya chapa ya kwanza naiweka kwa kitu kimoja: kile ambacho hakijatolewa upya. Pagan Altar wa Brockley, London, baba akiimba na mwanawe akipiga gitaa, walirekodi mwaka 1982 na kazi yao ikabaki kwenye kaseti hadi ilipotolewa rasmi mwaka 1998. Zipo bendi nyingine ambazo hazijawahi kuupata mwaka wao wa 1998. Kaseti ya bendi ya namna hiyo ikinijia, nitalipa anachotaka muuzaji bila kulalamika, nitamtafuta mwenye deki nzuri aihamishe kabla tepu haijaanza kumwaga unga, na nakala ya kwanza nitawatumia wanabendi wenyewe kama bado wapo.