Ukubwa wa tezi dume si kipimo cha kuziba kwa mkojo
Kuna makala inayoeleza kana kwamba tezi dume ikikua tu, basi njia ya mkojo imeziba. Si hivyo. Yupo mwenye tezi ya mililita 80 anayekojoa bila shida, na yupo wa mililita 30 aliyebanwa vibaya, kwa sababu sehemu ya katikati ya tezi imechomoza ndani ya kibofu na kuufunika mlango wake kila anapojikamua. Halafu kuna misuli laini ya tezi na ya shingo ya kibofu: ikikaza, njia hubana hata kama tezi ni ndogo. Ndiyo maana dawa ya tamsulosini, inayolegeza misuli hiyo, huleta nafuu ndani ya siku chache, ilhali finasteridi inayosinyaza tezi huhitaji miezi 6 hivi (tena hushusha kwa karibu nusu PSA, yaani protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu kutafuta dalili za saratani, kwa hiyo anayesoma majibu aambiwe).

Kasi ya mkojo chini ya mililita 10 kwa sekunde inatia shaka, lakini haitoshi, maana kibofu kilichochoka nacho hutoa mkojo kidogo kidogo. Kutofautisha njia iliyoziba na kibofu kilichochoka, hupimwa shinikizo la kibofu pamoja na kasi wakati mtu anakojoa. Tezi ikikatwa kumbe tatizo ni kibofu dhaifu, mgonjwa huenda asipate nafuu. Kovu kwenye mrija wa mkojo pia huleta dalili zilezile, hasa kwa aliyewahi kuwekewa mpira wa kutolea mkojo.

Na dawa za mafua zenye pseudoefedrini? Mwenye tezi iliyokua aziepuke. Zinaweza kufunga mkojo ghafla. Hapo ni kukimbilia hospitali, si kusubiri kuche.