Kibarua aliliona kabla yetu

Mwaka jana, kwenye ghorofa niliyokuwa nasimamia, tulimwaga zege la slabu Jumamosi. Jumatatu kibarua mmoja akaniambia hatukuacha njia ya bomba la choo. Aliliona tangu Ijumaa, nondo zikifungwa. "Nilidhani unajua, bosi." Tuligonga zege siku tatu.

Nilimfokea, na hadi leo najuta. Miezi minne tuko pamoja, sikuwahi kumuuliza chochote. Hata jina lake sikulijua.

Baadaye nilisoma habari za Ifakara, na tangu hapo siachi kuzisimulia. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa wakati wa upasuaji. Hospitali zilikuwa nane, za miji kama London, Toronto na Manila, na moja ya Ifakara, hapa kwetu Morogoro. Timu husimama mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Katika yote 19, moja ndilo lililonigusa: kabla ya kisu, kila aliyemo chumbani awe amejitambulisha kwa jina na kazi yake. Si adabu tu hiyo. Aliyekwisha kusikika mara moja, mara ya pili haogopi. Muuguzi aliyejitambulisha hivyo ndiye atakayethubutu kusema hesabu ya pamba za kufutia damu haijatimia, hata kama daktari bingwa ana haraka.

Karatasi peke yake haitoshi. Huko Ontario, Kanada, orodha ilipoenezwa katika hospitali 101, utafiti wa 2014 haukuona vifo vikipungua kwa kiasi cha maana. Sababu zinabishaniwa. Mimi naamini kutia tiki ni rahisi kuliko kumsikiliza aliye chini yako.

Kibarua yule bado tuko naye. Siku ya zege sasa tunasimama juu ya nondo, kila mtu anataja jina, kazi yake, na alichoona hakijakaa sawa. Tunaanza na vibarua, mimi nasema mwisho, kwa sababu nikitangulia wote wanaitikia tu. Ni dakika kumi hivi. Mwenye mikisa, mashine ya kuchanganyia zege, hulalamika kila mara, na kila mara namwomba asubiri.