Mtoto Ana Umri Gani?

Kwaya ya kanisani kwetu nilikuwa naidai. Niliwachomelea geti na grili za chumba cha vyombo, wakalipa nusu, nusu iliyobaki ikageuka kuwa "fundi, mwezi ujao". Mwisho mwalimu wa kwaya akanivuta pembeni, akasema hela hakuna na haitakuwepo, ila yeye yuko tayari kunifundisha gitaa mpaka deni liishe. Nikakubali hapo hapo. Mke wangu alisema nimeibiwa kwa mara ya pili, lakini yeye hakukulia kwenye nyumba ambayo mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe akisikika redioni, baba anaamuru hata kuku wanyamaze.

Sasa, mimi nina mwili. Dada yangu anaita afya, daktari ana jina lingine. Nikikaa, tumbo nalo linatafuta pa kukaa. Mwalimu akanipa gitaa la kwaya, lile kubwa ambalo wapigaji wanaliita drednoti. Lina unene wa sentimita 12 hivi na upana wa chini unakaribia 40. Chukua hizo 12, ziweke mbele ya tumbo langu. Uso wa gitaa ukaelekea dari. Mkono wa kulia ukabaki juu juu unapapasa nyuzi, bega likapanda hadi sikioni, na kila nilipoinama kuangalia vidole vya kushoto vinabonyeza wapi, gitaa likateleza kuelekea magotini. Mwalimu akanieleza kwamba umbo lile limepewa jina la manowari ya Waingereza iliyoshushwa majini 1906, na kwamba kampuni ya Martin ya Marekani ilianza kuliunda miaka kumi baadaye.

Nikamwambia, "Mwalimu, manowari siiwezi. Nitafutie mtumbwi."

"Mtumbwi upo," akasema.

Ndipo nikafunguliwa macho. Kuna magitaa ya umbo dogo, kiuno kimeingia ndani, sanduku jembamba, linatulia pajani na mkono unapita juu yake bila kupigana na mtu. Besi yake inapungua, lakini sauti za kati zinatoka safi. Mimi nimepanga Ngarenaro, hapa Arusha, ukuta mmoja na mama mwenye mtoto mchanga, kwa hiyo besi kupungua kwangu ni sifa. Akanionya jambo moja, akalirudia: nisije nikauziwa gitaa la robo tatu. Hilo limepunguzwa kila kitu mpaka shingo, freti, vile vyuma vilivyokatiza shingoni, zimebanana kwa ajili ya vidole vya watoto, na vidole vyangu vitapandana. Dogo la mtu mzima limepunguzwa sanduku. Urefu wa uzi unaopigwa haupishani sana: kubwa lina milimita 645, madogo mengi yanacheza kwenye 630.

Jumamosi nikaingia mjini. Duka silitaji. Lina spika mpaka mlangoni, vinanda katikati, magitaa ukutani.

"Karibu mzee wangu," kijana akasema.

"Natafuta gitaa dogo."

"Safi kabisa. Mtoto ana umri gani?"

"Ni la kwangu."

Akaniangalia toka juu mpaka chini, safari ambayo kwangu inachukua muda. Akacheka kwa adabu. "Sawa mzee. Wazazi wengi huwa wanataka wajifunze kwanza ndio wamfundishe mtoto." Akaenda nyuma, akarudi na gitaa la robo tatu, rangi ya waridi, lina kipepeo.

Nikamweleza habari ya sanduku na shingo. Akasikiliza vizuri, akaitikia "nimekupata mzee", akarudi na la bluu. Tukaenda hivyo mpaka nikaamua kuyashusha mwenyewe ukutani. Madogo ya watu wazima yalikuwepo, tena yamening'inizwa pembeni kabisa, yamefunikwa na bango la spika.

Nikaanza kukagua. Mimi ni fundi, kitu nisichokipiga jicho sikinunui. Nikafumba jicho moja nikapiga shabaha shingo toka kichwani hadi tumboni, maana bomba la geti nalo silipigi moto kabla ya hapo. La kwanza shingo ilikuwa imejikunja, nikalirudisha. La pili liko sawa. Nikatoa mfukoni kipande cha rodi ya kuchomelea, ile ya milimita 2.5, nikatumia ncha yake iliyo tupu, ule upande usiopakwa dawa. Nikaipitisha kati ya uzi mnene na freti ya 12. Ikapita huku inacheza, ingeweza kwenda na mwenzake. Uzi uliosimama juu namna hiyo anayejifunza ataubonyeza mpaka machozi. Kwenye la tatu rodi ikaingia, ikagusa chini, ikagusa juu kidogo, ikatulia. Nikabonyeza freti moja moja, uzi kwa uzi, kusikiliza kama kuna inayokwaruza. Hakuna.

Kijana alikuwa amesimama kimya muda wote, halafu akasema kwa huruma, "Mzee, lakini mtoto hataangalia hayo yote."

Akanishauri basi nichukue la nyuzi za nailoni, lisimuumize mtoto vidole. Nililishika. Shingo yake pana, milimita 52 pale juu, kiganja changu kikapenda, ila sanduku lilikuwa bado na unene wa ugomvi. Na kuhusu vidole, vyangu vimeshaokota vyuma vya moto kwa kusahau. Uzi wa chuma utanifanya nini?

Tulianzia 320,000, tukashukia 280,000 na begi juu. Zipu ya begi ilikuwa mbovu, inafika katikati inaachia. Kijana akasema nisijali, akachukua utepe mwekundu, akalizungushia begi, akafunga kwa juu ua kubwa la kupendeza.

"Mtoto atafurahi sana," akasema.

Nilitaka kuufumua, lakini utepe ndio ulikuwa umeshikilia gitaa lisidondoke, na mimi nilikuwa na haraka. Kesho yake mpwa wangu wa Moshi alikuwa anapata kipaimara, na dada alishaagiza nifike jioni ile, mbuzi anachinjwa usiku. Kurudi Ngarenaro kuliacha gitaa ningekosa gari. Tena nyumbani nina watoto wa jirani wanaoingia bila hodi. Nikaenda nalo stendi.

Kwenye Coaster konda akasema mzigo unalipiwa siti. Alipoona ukubwa akabadilisha: "Aa, hilo pakata tu, mzee." Nikalipakata mpaka Moshi, kilomita 80 hivi. Tengeru mama mmoja akapanda akakaa pembeni yangu, akalitazama ua, akanitazama mimi, akasema, "Baba unajitahidi. Wanaume wengi hawanunulii watoto vitu hivi." Nikamwambia ahsante. Nilikuwa nimeshachoka kueleza mambo ya sanduku na shingo.

Kwa dada, Kiboriloni, nyumba nzima ilikuwa imejaa ukoo. Watu wanalala sebuleni, jikoni, hata kwenye turubai. Chumba chenye kufuli kilikuwa kimoja tu, cha dada, nikamwomba niliweke humo. Akachungulia begi, akaona utepe, akanishika mkono kwa nguvu bila kusema kitu. Nilidhani ni furaha ya kuniona.

Kile chumba chenye kufuli ndicho kilichokuwa chumba cha zawadi. Sikuambiwa.

Ibada ikapita salama. Mchana turubai likajaa, machalari yakaja, mbege ikazunguka, keki ikakatwa. Ikafika zamu ya zawadi. Ukoo wa baba ukatoka unacheza na godoro la futi nne kichwani, nyuma yake mablanketi, nyuma beseni. MC akachukua kipaza sauti:

"Sasa ukoo wa mama! Na mjomba ndiye atangulie, maana mjomba ni mama mwenye ndevu!"

Nikapapasa bahasha yangu ya 50,000 mfukoni, nikasimama. Mama mkubwa akatokea ndani, akanipachika begi mikononi, akanigeuza kuelekea mbele, akanisukuma. Muziki ukapandishwa. Nyuma yangu shangazi, mama wadogo na binamu wameshajipanga mstari wanacheza. Kwenye mstari ule huwezi kusimama. Nikacheza. Nilikuwa najiambia labda wanataka niwapigie kitu, na hata kodi moja, ule mpangilio wa vidole wa kupiga nyuzi kadhaa pamoja, sikuwa naijua.

"Mjomba ameona bahasha haitoshi!" MC akapaza. "Mjomba kaleta GITAA!"

Vigelegele vile vilisikika barabarani. Mpwa akatoka mbio kwenye kiti chake, suti nyeupe, mrefu kunizidi, akalishika begi kwa juu. Mimi nilikuwa nimelishika kwa chini. Akavuta kwa adabu. Nikabaki nalo. Akavuta tena.

"Mjomba anakataa kuachia!" MC akafurahi. "Anasema kitu kama hiki hakiachiwi bure! Mtunzeni mjomba!"

Watu wakainuka. Elfu mbili, elfu tano, kumi, zinaingia mfuko wa shati, nyingine zinabandikwa usoni kwenye jasho. Shemeji akaja na noti mbili, akanikumbatia pamoja na begi. Nikiwa bado nimeshikilia, nikaanza kupiga hesabu: kwa mwendo ule huenda 280,000 ingerudi, nami nikanunua jingine. Vidole vikalegea vyenyewe. Mpwa akaondoka nalo.

"Na hela zote alizotunzwa mjomba," MC akamalizia, "ziende kwenye beseni la mtoto!"

Kamati ilikuwa na kina mama wawili waliojua kupekua mifuko. Walichukua mpaka bahasha.

Mpwa akafumua utepe mbele ya watu wote. Akalitoa, akaligeuza, akatazama ukutani alipokuwa ameegemea mpiga gitaa wa bendi ya vijana na lake, drednoti. Akaniangalia.

"Ahsante sana mjomba. Ila hili si la watoto?"

Hapa ndipo nilipojimaliza. Kutwa nzima ya jana nimeitwa baba wa mtoto, konda kanipakatisha, na sasa hata mtoto mwenyewe analidharau. Damu ikachemka. Nikamnyang'anya MC kipaza sauti. Nikawaeleza wageni wote waalikwa kwamba lile ni gitaa la mtu mzima. Kwamba kilichopungua ni sanduku, shingo ni kamili. Kwamba nyuzi zake zimekaa milimita mbili na nusu juu ya freti ya 12, nimepima kwa mkono wangu. Kwamba litamtumikia mpaka aoe, azae, na watoto wake walikute. Nilizungumza vizuri kuliko nilivyowahi kuzungumza kwenye kikao chochote cha ukoo. Nilipomaliza kulikuwa kimya, kisha mzee wa ukoo akainua kata ya mbege.

"Mmesikia? Hiyo ndiyo zawadi. Haikununuliwa kwa kubahatisha."

Mpwa alikuwa amelikumbatia, macho yana maji. Mtu mzima wa kwanza kuamini maneno yangu kuhusu gitaa lile alikuwa na miaka kumi na minne.

Usiku, wageni walipopungua, nikamfuata dada kwenye masufuria.

"Dada, kuna kitu nataka tuongee, kuhusu lile gitaa."

"Usiseme kitu, kaka yangu." Akaweka chini mwiko, akajifuta na khanga. "Najua limekugharimu. Baba yetu angekuwepo leo angelia."

Ungesema nini wewe? Nikachukua kitambaa nikamsaidia kukausha sahani.

Masomo yanaendelea, kwenye manowari ya kwaya. Mwalimu amegundua kwamba nikikaa upande upande na kuweka mguu wa kushoto juu ya boksi la sabuni, gitaa linakubali kwa dakika chache, na kila dakika hiyo anaikata kwenye deni. Nimeshika kodi ya ji. Ile ya efu tumekubaliana tuiache kwanza.

Juzi dada katuma video. Mpwa amekaa kwenye ngazi, gitaa limetulia pajani, mkono umepita juu bila bega kupanda, anapiga taratibu lakini anapiga. Chini ya video ameandika: "Kaka, uzi mwembamba umekatika, mtoto anasema mjomba ndiye anayejua aina yake. Halafu mdogo wake ameanza mafundisho ya kipaimara. Yeye anapenda kinanda."

Nimemjibu kwamba huku Arusha mtandao unasumbua.