Sato wa maabara asiingie kwenye vizimba vyetu

Mwaka 2015 Marekani iliruhusu salmoni aliyebadilishwa vinasaba aliwe na binadamu, mnyama wa kwanza wa namna hiyo kupata kibali kule. Alipewa jeni ya homoni ya ukuaji ya chinook, salmoni wa Pasifiki, akawa anafikia uzito wa sokoni kwa mwaka na nusu hivi badala ya karibu miaka mitatu. Kelele nyingi zilihusu kumla. Mimi kumla hakunisumbui, mkaangeni tu. Wasiwasi wangu ni maji.

Waliomfuga waliliona hilo. Walimweka kwenye matangi nchi kavu, wote majike, na mayai yakatiwa seti ya tatu ya kromosomu ili samaki wawe tasa. Masharti ya kibali yenyewe yalitaka angalau asilimia 95 ya mayai yawe hivyo, si yote. Mwaka 2020 jaji mmoja wa California akasema mamlaka iliyotoa kibali haikupima vya kutosha kitakachowapata salmoni wa porini iwapo hawa wa matangi watatoroka.

Sasa njoo Mwanza. Sato wetu wengi tunawafuga kwenye vizimba, nyavu zinazoelea ziwani humohumo. Wavu ukichanika usiku wa dhoruba, kukicha samaki wako ni wa ziwa. Na sato aliyehaririwa jeni, yaani jeni zake mwenyewe zimerekebishwa bila kupachikwa ya kiumbe kingine, yupo tayari: mwaka 2018 Argentina iliamua kwamba haguswi na sheria zake za viumbe waliobadilishwa vinasaba.

Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, enzi za mkoloni. Miaka ya 1980 akafumuka, na furu, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, wa aina zinazokadiriwa kufika 200 wakatoweka, ingawa uchafuzi wa maji nao ulichangia. Hapakuwa na maabara pale; ndoo ilitosha. (Sato mwenyewe ni mgeni wa miaka hiyohiyo ya 1950. Muulize mzee yeyote wa mwaloni habari za ngege, sato wa asili wa ziwa hili.) Sangara kaleta viwanda vya minofu na ajira, sikatai. Ila wavuvi hawakuulizwa, na aina za furu zilizokwisha kabisa hazirudi.

Huo utasa wanaousifia nao una bei. Samaki asiyezaa humlazimu mfugaji kurudi kila msimu kununua vifaranga kwa mwenye hataza, yaani haki ya uvumbuzi, kwa bei aipendayo yeye.

Mtu akitaka kumjaribu kwenye matangi huko Dodoma, mbali na mto wowote, nitamsikiliza. Kizimbani, hapana.