Mtoto Asiyeona Achague Hadithi Mwenyewe

Mzazi anayetafuta vitabu vya sauti kwa mtoto asiyeona huanza na swali moja: vinapakuliwa wapi? Kwa Kiswahili, ghala moja kubwa la kwenda kuchota halipo. Vipo vipande, hapa kimoja pale kingine, na nitavitaja. Ila kwa maoni yangu kuna swali linalotangulia hilo: mtoto ataifikia vipi hadithi yake bila kumwita mtu mzima? Mwenzake anayeona huchukua kitabu rafuni, hukiacha katikati, hurudia ukurasa wa fisi hadi nyumba nzima ichoke. Yeye hupewa simu ya mama, ikiwa ina chaji na mama hana haraka. Hadithi ikiisha, simu inarudi kwa mwenyewe.

Kwa hiyo tuanze na kifaa. Kwa mtoto wa miaka minne hadi minane, spika ndogo yenye vitufe vya kubonyea na tundu la flashi inafaa kuliko simu ya kioo. Dukani usiulize bei tu. Ijaribu na flashi yako: icheze hadithi, izime katikati, iwashe tena. Nyingine hurudi faili la kwanza kabisa, na hiyo iache hapo hapo. Zilizo nyingi hukumbuka faili lakini hazikumbuki dakika, kwa hiyo hadithi ndefu ikatwe vipande vya dakika kumi hivi. Angalia pia kitufe cha kwenda mbele. Mara nyingi ukikibonyeza haraka kinaruka faili, ukikishikilia kinapandisha sauti. Mtoto asipofundishwa tofauti hiyo kwa kidole chake mwenyewe, atalia kila siku kwamba hadithi imepotea. Tone la rangi ya kucha, likikauka, linatosha kuwa alama juu ya kitufe cha kuchezea.

Flashi ya USB ni bora kuliko memori kadi, ambayo ni ndogo kama ukucha na ikidondoka sakafuni ndiyo kwaheri. Ukubwa usizidi GB 32. Zaidi ya hapo nyingi huja na mpangilio wa kuhifadhi faili uitwao exFAT, na spika za bei rahisi kwa kawaida husoma ule wa FAT32. Faili ziwe MP3. Hapa ndipo wengi hukwama: kinasa sauti cha simu mara nyingi huhifadhi M4A, ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni opus, na spika hizi huziruka kimya kimya hadi mtu adhani flashi ni mbovu. Zibadilishe kwa Audacity, programu ya bure ya kompyuta, ukiiongezea FFmpeg ili ifungue M4A: chagua mono (sauti ya mkondo mmoja), kiwango cha kbps 64. Sauti ya mtu anayesimulia haihitaji zaidi ya hapo. Kwa kiwango hicho saa moja inakula kama MB 29, na flashi ya GB 8 inabeba zaidi ya saa 250.

Spika nyingi hucheza faili kwa mpangilio zilivyonakiliwa, bila kujali majina. Ukiongeza sehemu ya pili mwezi ujao, itachezwa mwisho kabisa, mbali na sehemu ya kwanza. Dawa yake ni kufuta flashi yote na kunakili upya, 01 kwanza, kisha 02, moja baada ya nyingine. Na kila faili lianze kwa kutaja jina la hadithi na sehemu yake, sekunde tatu tu, ili anayetafuta ajue aruke au abaki.

Sasa hadithi zenyewe. Tovuti za African Storybook na StoryWeaver zina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili, na leseni yake ya kawaida, CC BY (leseni huria), inakuruhusu kuzisoma, kuzirekodi na hata kuzigawa, mradi umtaje mwandishi, mchoraji na mtafsiri. Tatizo ni kwamba ni vitabu vya picha. Vya hatua ya kwanza huisha kabla hujakaa vizuri kwenye kiti, na nusu ya kisa imo kwenye mchoro. Maandishi yakisema "Akafungua mlango, akacheka sana," na mchoro ukaonyesha mbuzi aliyevaa kofia ya babu, mtoto asiyeona amenyimwa kichekesho chenyewe. Mbuzi huyo mwingize ndani ya hadithi kwa sentensi moja. Usisome kwanza kisha ukaeleza picha mwishoni, utamu utakuwa umeshapita. Katuni za YouTube zina kasoro hiyo hiyo kwa ukubwa zaidi: kimya kirefu chenye muziki, wahusika wanakimbizana, na msikilizaji hajui nani kamshika nani.

Kurekodi nyumbani hakuhitaji studio. Chumba chenye kitanda, godoro na nguo nyingi humeza mwangwi. Sebule tupu yenye vigae huurudisha. Simu iwe katika hali ya ndege, umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, pumzi isiigonge. Mvua kwenye bati haina tiba, subiri ikatike. Ukisema "Paukwa!" nyamaza sekunde mbili, msikilizaji apate kuitikia "Pakawa!" kabla hujaendelea. Wazee wasipewe karatasi wasome. Waache wasimulie kama walivyozoea, wewe utakata baadaye. Faili likitumwa kwa WhatsApp, litumwe kama hati (Document), si kama ujumbe wa sauti.

Akifika miaka tisa au kumi, simu inaanza kufaa. Kwenye Android washa TalkBack, kisomaji kinachotamka yaliyo kwenye kioo, kisha weka sauti ya Kiswahili kwenye huduma ya Google ya kusoma maandishi. Ukiiacha ya Kiingereza, "mate" itatamkwa "meiti" na mtoto atakata tamaa siku ya kwanza. PDF iliyopigwa picha haisomeki hadi igeuzwe kuwa maandishi. Kwa masomo sauti ya mashine ni mkombozi. Kwa hadithi ya usiku ya mtoto mdogo naiona kavu mno, sijali imeboreshwa kiasi gani. Bookshare, maktaba ya mtandaoni, ina mkusanyiko mkubwa sana, ila Kiingereza ndicho kimetawala, vingi husomwa na mashine, na unahitaji uthibitisho kwamba msomaji hawezi kutumia chapa ya kawaida. Kwa mwanafunzi anayesoma Kiingereza vizuri, usumbufu huo unalipa.

Kuhusu hakimiliki, woga umezidi. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unatoa nafasi kwa mlezi kutengeneza nakala ya sauti ya kitabu alichokipata kihalali, kwa matumizi ya mtoto wake. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na kurekebisha sheria yake mwaka 2019. Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Kumrekodia mwanao kitabu ulichonunua ni jambo moja. Kukimwaga kwenye kundi la watu mia mbili ni jingine, na hilo mkataba haulilindi.

Sauti haifundishi tahajia, kwa hiyo nukta nundu (Breli) zisisubiri. Anza nazo kwenye flashi hizi hizi: kila moja ifungwe uzi wenye kipande cha manila, herufi mbili tatu zinatosha kuonyesha ipi ni ya hadithi za wanyama na ipi ni ya mazimwi. Ukiandika kwa kibao na kalamu ya kutobolea, anza kulia kwenda kushoto na umbo la kila herufi uligeuze, kwa sababu nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi. Mzazi mgeni huandika kushoto kwenda kulia, halafu mtoto anasoma kitu kisichoeleweka na kudhani kosa ni lake.